Umri si kufuli la elimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyemjaalia mwanadamu uwezo wa kujua baada ya kutojua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Aghalabu sisi tunaoandika mahali hapa huanza na makosa ya watu. Leo naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa nimeona kwamba si langu peke yangu, na huenda msomaji akalikuta nyumbani kwake.

Ijumaa moja nilialikwa kutoa khutba katika msikiti mmoja mdogo huko Katumba, nje ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Baada ya swala, watu walipokuwa wakipeana mikono, alinijia mzee mmoja wa makamo ya miaka sabini. Alisubiri hadi wenzake walipotoka. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu, na ndani yake karatasi. Kilikuwa ni cheti chake cha uraia.

“Sheikh,” aliniambia kwa sauti ya chini, “nisomee hapa. Nataka kujua kama jina lililoandikwa ni lile alilonipa baba yangu.”

Nilimsomea. Lilikuwa ndilo. Akatabasamu, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: “Na mimi, kwa umri huu, naweza kujifunza nikajisomea mwenyewe?”

Ndugu zangu, jawabu nililompa ndilo kosa langu. Nilimwambia: “Mzee wangu, umri wako sasa ni wa tasbihi na istighfari. Wajukuu wapo, Alhamdulillah, watakusomea.” Akaikunja karatasi yake, akanishukuru, akaniombea dua njema, akaondoka. Nikapanda pikipiki kurudi mjini huku nikiwa na hakika kwamba nimetoa nasaha nzuri. Nilikuwa nimekwishafika nyumbani ndipo nilipotambua kuwa mtu alikuja kwangu kuomba elimu, nami, niliyelishwa na elimu tangu utoto, nikamfungia mlango na kumpa tasbihi kama kufuli.

Karatasi na mwenyewe

Ili msomaji alione jambo hili kwa uzito wake, yafaa aijue Katumba. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka kuingia Tanzania. Serikali iliwatengea maeneo ya kuishi na kulima: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba, na baadaye Mishamo. Walipofika walikuta pori la miombo. Waliokuwa vijana wakati huo walipewa majembe na mashoka, na walichojifunza mwanzo ni kung'oa visiki. Mzee wangu yule, kwa maelezo yake, alitoka kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Rumonge, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Shule haikumkataa, ilimpita tu akiwa shambani.

Miaka mingi baadaye, kuanzia mwaka 2007, wakaazi wa makazi hayo waliandikishwa na kuulizwa kama wanataka kurejea Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Walio wengi waliomba kubaki, na takriban watu 162,000 wakakubaliwa. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Basi kuna watu waliongoja karatasi moja kwa zaidi ya miaka arobaini, na siku walipokabidhiwa hawakuweza kuisoma. Mtu anaihifadhi katika nailoni, anaificha mvua isiiharibu na panya asiitafune, lakini kilichomo ndani hukijua kwa kuambiwa.

Waislamu wa Katumba si wengi. Majirani zao walio wengi ni Wakristo. Lakini katika hili hakuna tofauti. Aliyekosa darasa amelikosa, akiwa anaelekea msikitini au kanisani. Wala hili si la Katumba peke yake. Watu wa namna hii wapo Ujiji, wapo Tandahimba, wapo Pemba, na wapo Dar es Salaam katika nyumba zenye umeme na televisheni.

Amri ya kusoma ilimfikia nani?

Sisi sote twajua kwamba neno la mwanzo la Wahyi lilikuwa ni amri ya kusoma. Twalitaja katika Maulidi, twaliandika juu ya milango ya madrasa. Lakini ni mara ngapi tumejiuliza amri hiyo ilimshukia mtu wa umri gani? Haikumshukia mtoto wa miaka saba. Ilimshukia Mtume (s.a.w.) akiwa mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye mke na watoto, na akaendelea kufundishwa kwa miaka ishirini na mitatu hadi alipofariki. Na katika Sura Twaha, aya ya 114, Mola wake anamwelekeza aombe azidishiwe elimu. Ikiwa yeye, kwa daraja yake, aliambiwa aombe nyongeza, ni nani kati yetu aliyekwisha kutosheka?

Watazame waliomfuata. Bibi Khadija (r.a.), kwa kauli iliyo mashuhuri, alikuwa amefikia miaka hamsini na mitano Wahyi ulipoanza. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikaribia arobaini. Kizazi kile cha mwanzo, isipokuwa wachache kama Ali na Ibn Abbas, hakikuhitimu madrasa utotoni, kwa sababu madrasa yenyewe haikuwapo. Kilisoma kikiwa na ndevu, kikiwa na madeni, kikiwa na mashamba ya mitende ya kumwagilia.

Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Elimu, amepokea usia wa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba watu wajifunze kabla ya kukabidhiwa uongozi. Bukhari hakuridhika kuuacha usia huo usieleweke vibaya. Aliongeza kwa maneno yake mwenyewe kwamba na baada ya kukabidhiwa uongozi pia wajifunze, kwani Masahaba wa Mtume walisoma ukubwani. Alihofia, bila shaka, kwamba watakuja watu wenye kuugeuza usia wa Umar kuwa udhuru: nimekwisha kuwa mkubwa, wakati wangu umepita.

Hapa sina budi kusema neno la uaminifu. Ipo kauli ienezwayo sana katika khutba na katika kuta za shule, yenye kumtaka mtu atafute elimu tangu mbelekoni mpaka kaburini. Maana yake ni sahihi, lakini wanazuoni wa Hadithi hawakuithibitisha kuwa ni kauli ya Mtume (s.a.w.). Tusimnasibishie asilolisema. Haja yake hatuna, maana dalili zilizo thabiti zatutosha.

Aidha sisi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tuna mfano ndani ya nyumba yetu. Katika vitabu vya fiqhi tunavyosomesha limo jina la al-Qaffal al-Marwazi. “Qaffal” maana yake ni mtengenezaji wa makufuli, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, naye akisifika kwa ustadi. Alikuwa amefikia miaka thelathini au zaidi alipoanza kusoma fiqhi. Aliendelea hadi akawa imamu wa wanazuoni wa Kishafi wa Khurasan, na alipofariki mwaka 417 Hijria kauli zake zilikuwa zinategemewa. Hadi leo wanafunzi wa Unguja na Lamu wanakutana naye vitabuni. Fundi makufuli huyu alikataa umri usiwe kufuli.

Samaki na mkunjo wake

Najua msomaji ana methali mkononi. Atasema: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya haki ikiwa inamhimiza mzazi asichelewe na mwanawe. Lakini mtu mzima si samaki. Samaki akikauka hana nia, na mwanadamu nia yake ndiyo nusu ya kazi. Waliotangulia walituambia pia kwamba elimu haina mwisho, na kwamba kuuliza si ujinga.

Ni kweli kwamba mtu wa miaka sitini hahifadhi kwa wepesi wa mtoto wa miaka minane. Macho yamepungua, mkono umezoea mpini wa jembe na kalamu unaiona kama unyasi. Lakini anacho asichokuwa nacho mtoto: anajua maana. Mtoto hufundishwa neno “deni” kabla hajadaiwa. Mtu mzima analijua deni kwa usiku aliokosa usingizi. Kinachomkosekea ni alama zake tu kwenye karatasi. Kwa hiyo anayemfundisha mtu mzima kama amfundishavyo mtoto hukosea tangu mwanzo. Nimeona madrasa ambayo baba mtu mzima aliketishwa mkeka mmoja na watoto, akakosea herufi, watoto wakacheka, ustadhi naye akacheka. Baba yule hakurudi, na nani angerudi?

Kwa watu kama hao Mtume (s.a.w.) ametoa bishara ambayo Bukhari na Muslim wameipokea: kwamba asomaye Qur'ani kwa kutatizika, huku ikiwa nzito kwake, ana ujira mara mbili. Yule mzee anayekwama kwenye kila neno, ambaye sisi twamuonea huruma au twamcheka, huenda ametuzidi. Sisi tunaosoma kwa mteremko tumtazame kwa heshima.

Tuliwahi kuweza

Haya si ndoto, kwa maana nchi hii imewahi kuyatenda. Sensa ya mwaka 1967 ilionesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema tangu mwaka 1964 kwamba watu wazima ndio waanze, kwa kuwa matunda ya kumsomesha mtoto huonekana baada ya miaka mingi, na nchi haiwezi kungoja. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, katika maghala ya ushirika, na katika viwanja vya misikiti. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikapewa sheria yake mwaka 1975. Kufikia mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia kumi.

Kisha tukarudi nyuma. Hali ya uchumi ilikuwa ngumu, fedha zikakatika, walimu wa kujitolea wakachoka. Lakini ipo sababu nyingine ambayo yatuhusu zaidi. Wengi waliofundishwa herufi walikosa cha kusoma. Kitabu hakikufika kijijini, gazeti likafika likiwa limefungiwa sukari, na herufi zisizotumika huota kutu kama jembe lililotupwa uani. Mtu aliyepata cheti cha kisomo mwaka 1975 alikuja kuweka dole gumba mwaka 1995. Somo la hapa ni kwamba kumfundisha mtu kusoma, kisha ukamwacha bila matumizi, ni kumwonjesha na kumwondolea sahani.

Jambo jingine tuliseme, kwa kuwa ni la haki. Katika hesabu za wasiojua kusoma waliingizwa pia wazee wengi wa pwani na visiwani ambao waliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakahesabu mirathi na kuweka daftari za biashara. Hao hawakuwa wajinga. Elimu yao haikuulizwa tu. Na hili latufunza tusimdharau mtu mzima kwa kulitazama tundu moja alilolikosa. Mwanamke wa Katumba asiyejua herufi anajua siku ya kupanda maharage, anajua mti upi hutoa nyuki na upi huwafukuza, na pengine anazungumza Kirundi, Kiswahili na Kiha. Anayemfundisha aanze kwa kumheshimu.

Aya ndefu kuliko zote

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Sura Al-Baqara. Haizungumzii Pepo wala Moto. Inazungumzia deni: kwamba mkopo wa muda maalumu uandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Mwenyezi Mungu ametumia aya ndefu kuliko zote kuulinda mfuko wa mja wake kwa kalamu. Aya hiyo inamfikiria pia asiyeweza kuandika na asiyeweza kuimla mwandishi, na kuwawekea utaratibu ili wasidhulumiwe. Lakini ni nani apendaye abaki chini ya ulinzi wa mwingine maisha yake yote?

Tazama hali ilivyo. Sehemu za Mpanda watu wanalima tumbaku. Sitaingia leo katika hukumu ya zao lenyewe. Nazungumzia karatasi zake. Mkulima hukopeshwa mbolea na madawa, huweka dole gumba, na msimu ukiisha huambiwa bado anadaiwa. Huenda ni kweli anadaiwa, na huenda si kweli. Yeye hana njia ya kujua. Nimekaa na mkulima mmoja aliyenionesha stakabadhi za misimu mitatu, alizozitunza vizuri sana, na ambazo hakuna hata moja aliyowahi kuisoma. Tulipozisoma pamoja, mbili zilikuwa sawa na moja ilikuwa na hesabu isiyokubaliana na nyingine. Muda wa kudai ulikuwa umekwishapita. Sikusikia akilaani mtu. Alisema tu: “Kumbe ilikuwa humu humu ndani, nami nikilala nayo chini ya mto.”

Hali kadhalika simu. Leo fedha za mwanamke zimo kwenye simu yake, na asiyejua kusoma hulazimika kumpa namba yake ya siri kijana wa dukani, au mpwa, au jirani. Siri iliyo kwa watu watatu si siri tena. Wangapi wameamka wakakuta akiba ya kikoba imeyeyuka, na hawana wa kumshitaki kwa sababu wao wenyewe ndio waliofungua mlango? Na wangapi, ndugu zangu, wametia dole gumba katika karatasi ya kuacha shamba la marehemu mume wao, huku wakiambiwa kuwa ni fomu ya rambirambi? Dhulma ya mirathi, ambayo tunaikemea katika mimbari, mara nyingi huingilia katika tundu hili la kutojua kusoma.

Wanawake waliomba siku yao

Yasikitisha kwamba walio wengi katika waliokosa ni mama zetu na dada zetu. Wengine walitolewa shule wakaolewa, wengine walibaki kulea wadogo zao. Wapo wasemao kwamba haya ya mwanamke inamzuia kukaa darasani. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya yao haikuwazuia kuifahamu dini yao. Na katika Bukhari imepokewa kwamba wanawake walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa wanaume wamewazidi kwake, wakaomba wawekewe siku yao, naye akawawekea. Kadhalika Shifaa bint Abdillah alikuwa akimfundisha kuandika Bibi Hafsa (r.a.), ambaye wakati huo ni mke wa Mtume na mtu mzima. Basi darasa la wanawake watu wazima lilikuwamo katika nyumba ya Mtume. Haliwezi kuwa ugeni katika nyumba zetu.

Jirani zetu wa Kenya wametuonesha mfano mwingine. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, wa umri wa miaka themanini na minne, alikwenda mwaka 2004 kujiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alivaa kaptula na soksi kama sare ilivyotaka. Miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Mzee yule hakuwa wa dini yetu, lakini hoja yake ni hoja yetu: mtu anayeamini kitabu ana haki ya kukifungua kwa mkono wake. Alifariki mwaka 2009 akiwa mwanafunzi bado. Watu wakauliza, basi ilimfaa nini? Jawabu ni kwamba alikufa akiwa njiani katika kutafuta elimu, na Muislamu anayejua fadhila ya njia hiyo hataliuliza swali hilo.

Hata aliyesoma

Nisije nikaeleweka kwamba maneno haya ni ya wasiojua herufi tu. Elimu ya mtu mzima ni ya kila mtu mzima. Mimi niliingia chuo kikuu nikiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya madrasa na miaka ya kusomesha, nikaketi na vijana walioniita baba. Mtihani wa kwanza nilifeli. Nilipofikia hamsini binti yangu ndiye aliyenifundisha kompyuta, na alikuwa mwalimu mkali. Mwalimu wa shule aliyeacha kusoma siku alipoajiriwa, imamu anayekariri khutba za miaka ishirini iliyopita, muuguzi asiyefuatilia dawa mpya, hao wote wamefungiwa na kufuli lile lile, ila lao limepakwa rangi ya cheti. Nabii Musa (a.s.), akiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, alifunga safari kumfuata mja aliyejua asilolijua yeye, kama inavyosimuliwa katika Sura Al-Kahf. Wetu ni udhuru gani?

Nini kifanyike?

Kwanza, misikiti yetu ina wakati ulio tayari baina ya Magharibi na Isha. Tuutumie siku tatu kwa wiki kwa watu wazima peke yao, pasiwe na mtoto wa kucheka. Nusu ya muda iwe ya herufi za Qur'ani, nusu ya kusoma na kuandika Kiswahili na hesabu. Wanawake wawe na siku zao na mwalimu wao, kwa wakati wasioshikwa na kazi, wao ndio waulizwe ni upi. Na jirani asiye Muislamu akitaka kujifunza kuandika jina lake, akaribishwe barazani. Herufi haina dini.

Pili, somo lianze na kile mtu anachokihitaji: jina lake, majina ya watoto wake, bei ya mahindi, stakabadhi, ujumbe wa simu. Vitabu vya kisomo vya zamani vilifundisha herufi kwa habari za pamba, migomba na uvuvi, na wazee wetu waliielewa njia hiyo.

Tatu, tusifanye peke yetu. Kila halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu ya watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo. Mkoani Katavi kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya, ambapo vijana na watu wazima hujifunza ufundi. Na tangu mwaka 2021 serikali imefungua mlango kwa wasichana waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, warejee. Mzazi asiufunge mlango huo nyumbani kwa sababu ya hasira zake.

Nne, na hili ni jepesi kuliko yote: kila nyumba yenye mtoto wa darasa la nne ina mwalimu. Mjukuu amfundishe babu, binti amfundishe mama, kwa adabu, robo saa kila usiku. Mtoto naye atajifunza mara mbili.

Nimalizie nilipoanzia. Baada ya wiki mbili nilirudi Katumba. Yule mzee sikumwona msikitini, nikauliza nyumbani kwake. Nilimkuta chini ya mwembe akipukuchua mahindi. Nilimwomba radhi kwa jawabu langu. Akacheka, akasema hakuwa amekasirika, alikuwa ameamini tu. Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana: alikuwa ameamini.

Tulikitoa cheti chake kwenye nailoni. Nikachukua kijiti, nikaandika mchangani herufi ya kwanza ya jina lake, naye akaifuata kwa kidole, akaifuta, akaifuata tena. Mjukuu wake wa darasa la nne ndiye anayeendelea naye kila jioni. Mimi hukagua daftari kila niendapo. Hadi ninapoandika haya, jina lake amekwisha kuliandika bila kutazama. La baba yake bado linamsumbua katikati, lakini atalipata, Inshaallah.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awafungulie waliofungiwa, na atusamehe sisi tuliowafungia. Amin.

Wabillahi tawfiq.